Dobi wa Tisa Nukta Nane

Shemeji yangu ni dobi, na kwa kupiga pasi sijaona wa kumfikia. Naanza na hilo kwa sababu ndilo jema pekee nitakalomsemea humu, nisije nikaambiwa namwonea. Kola iliyokufa akiigusa inafufuka. Suruali akiinyoosha, mstari wake unakaa mpaka uuchoke mwenyewe. Kuna mwalimu mstaafu anayevuka mji na suti yake moja ndani ya mfuko, akiwapita madobi wote wa njiani, kwa sababu hamwamini mwingine. Mtu mwenye mikono ya namna hiyo angetulia na kazi yake tu, angezeeka akiheshimika. Hakutulia.

Siku hizi mtaa mzima unamwita Tisa Nukta Nane. Wavivu wamefupisha, wanamwita Nukta. Mwenyewe hudhani anasifiwa, na hakuna aliyejisumbua kumtoa tongotongo.

Duka ni lake na dada yangu. Mbele kuna kaunta na fito za kutundikia nguo zilizokwisha kunyooshwa. Nyuma kuna mashine mbili za kufulia, moja inafua na nyingine inanguruma tu, na meza ndefu ya pasi iliyovikwa blanketi. Mimi nakaa dirishani na cherehani yangu. Narudishia watu vifungo, nabadilisha zipu, nakata suruali za wanaojidhania warefu. Dada na mumewe wanaishi vyumba vya juu. Kwa hiyo mengi ya haya niliyaona na kuyasikia mwenyewe, sindano mkononi.

Balaa lililetwa na mhasibu mmoja, mteja wetu wa mashati meupe. Siku hiyo, pamoja na mashati, alitoa kwenye mkoba bahasha ngumu, na ndani ya bahasha mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko kitabu chembamba cha katuni, vile vyenye watu wa misuli na nguo za kubana. Kilikuwa kimepinda pembe moja. Mhasibu alikishika kwa ncha za vidole.

"Fundi," akasema kwa sauti ya chini, "unaweza kunyoosha karatasi?"

Shemeji hajawahi kukataa kitu kilichojikunja. Alikiweka kati ya karatasi mbili safi, akapunguza moto, akatandika juu kitambaa chenye unyevu kidogo, akabonyeza taratibu, kisha akakilaza chini ya sanduku la vyuma mpaka kesho yake. Mhasibu alipokuja kukichukua alikiinamisha kwenye mwanga, akakigeuza, akakiinamisha tena. Nilimwona, mtu mzima na tai yake shingoni, machozi yanamlengalenga.

"Fundi, una kipaji," akasema. "Hiki kilikuwa tisa nukta nne. Umekifikisha tisa nukta nane."

Shemeji hakuelewa neno, ila alipenda. Ndivyo walivyo wanaume wasiozoea kusifiwa. Ukiwavika kilemba cha ukoka wanalala nacho.

Basi akaelezwa, na alipokwisha kuelezwa yeye tukaelezwa sisi, asubuhi na jioni, tutake tusitake. Ipo kampuni huko mbali. Unawatumia kitabu chako na ada. Wanakikagua kwa kioo cha kukuzia, wanakipa alama, kisha wanakifungia ndani ya kasha gumu la plastiki lililogandishwa pande zote, alama imebandikwa juu. Alama ya mwisho ni kumi, lakini kumi wanaisikia tu. Inayogombewa ni tisa nukta nane. Tisa nukta sita ni msiba. Nimewahi kuwekewa mezani vya alama hizo mbili ubavu kwa ubavu, nikatafuta tofauti mpaka macho yakauma, sikuiona. Na bado bei ya kimoja ilikuwa mara tatu ya mwenziwe. Na kikishafungiwa hakisomwi tena. Ukifungua kasha, alama imekufa na ada imeliwa.

"Sasa shemeji," nilimuuliza, "hiki hadithi yake inahusu nini?"

"Hadithi gani?"

"Ya kitabu, jamani."

Akanitazama kwa huruma. "Shemeji, hatuzungumzii hadithi hapa. Tunazungumzia hali ya jalada."

Ningeelewa kama vingekuwa vitabu vya kale. Vile vilisomwa, vikaazimwa, vikafungiwa karanga, vikawashia moto, na kilichobaki kimebaki kwa bahati. Mtu akikilipia namwelewa. Lakini hivi vyao vimechapwa juzi, kwa malaki, na kila anayenunua anakimbilia kukitia kwenye plastiki kabla hakijapumua. Nilimuuliza mhasibu, kitu kinachotunzwa na kila mtu kitaadimika lini? Akanijibu kwamba soko lina misimu yake. Wachapaji nao si wajinga. Kitabu kimoja wanakitolea majalada chungu nzima, lenye mvua, lenye mwezi, lenye kung'aa, na hawa wanayanunua yote ili wawe nayo yote, ndani mkiwa na mambo yale yale ambayo hawatayasoma.

Kisha kuna chapa. Kitabu kikiisha madukani kinachapwa tena, na hicho cha mara ya pili wanakitazama kama soksi iliyookotwa njiani. Hadithi ni ile ile, picha ni zile zile, mara nyingine hata jalada ni lile lile, tofauti ni mstari mmoja mdogo ndani, chini ya ukurasa wa kwanza. Chapa ya kwanza inaweza kukupa bei ya friji. Chapa ya pili inakupa bei ya soda, na soda yenyewe ya moto.

Shemeji akajitosa mzima mzima. Kwanza alinyooshea wenziwe kwa malipo, na hapo sikuwa na neno, kazi ni kazi. Kisha akaanza kununua vya kwake. Fedha za kutengeneza ile mashine inayonguruma zikanunua mashine ya joto ya kubandika picha kwenye fulana, naye akaitumia kunyooshea katuni. Akaweka rafu nyuma ya kaunta, na makasha yake yakasimama hapo kwa safu, huku mashati ya watu yakibanana kwenye fito. Kila mara alinunua wakati wenye akili wanauza. Akisikia mhusika fulani atatiwa kwenye filamu, anakimbilia kitabu chake bei ikiwa juu ya paa. Filamu ikitoka, kila mwenye nacho anakiuza, bei inaporomoka, na yeye anabaki na kasha lake akisema anasubiri soko litulie. Soko lilikuwa limetulia, tena kimya kabisa.

Mama mmoja alikuwa akisubiri mapazia yake, akanyoosha mkono kuchukua kasha moja apitishe muda. Shemeji aliruka kaunta. Sijawahi kumwona akiruka vile hata siku pasi ilipounguza gauni la bibi harusi.

"Mama, usiguse!"

"Si kitabu hiki?"

"Si cha kusoma."

"Cha nini basi?"

Akababaika, akasema ni uwekezaji. Yule mama alipokea mapazia yake, akapita kwangu, akaniuliza kwa kunong'ona kama fundi anaumwa.

Haya yote ningeyamezea. Kila nyumba ina mtu wake wa namna hii, na wa kwetu angalau halewi. Lakini ndani ya nyumba hiyo palikuwa na kitabu kingine cha katuni, na hicho hakikuwa chake.

Tulikuwa na mdogo wetu wa kiume, kitinda mimba. Figo zilimwondoa akiwa kijana bado. Miezi yake ya mwisho aliimalizia hospitali, dada akimuuguza mchana na mimi nikipokezana naye jioni. Kwenye kibanda cha magazeti nje ya lango la hospitali dada alimnunulia kitabu cha katuni, kipya, apate kitu cha kutazama zaidi ya dari. Alikimaliza siku ile ile, akasema ni cha kipuuzi. Akaazima penseli kwa nesi, akaanza kukitengeneza.

Alikuwa na ulimi, mtoto yule. Kila picha aliipa maneno yake. Shujaa anaruka juu ya maghorofa, kifua mbele, pembeni yake akaandika, "Nimeacha jiko linawaka." Dubwana limefumbua kinywa chenye meno kama misumeno, akaandika, "Daktari, ni hili jino la nyuma." Shujaa analia juu ya kaburi, amepiga goti, akaandika, "Nimekanyaga mwiba." Shujaa huyo huyo amesimama wima, nguo imembana hata mikunjo haina, hapo akaandika, "Shemeji aliipiga pasi nikiwa ndani." Jioni tukipokezana anatusomea upya kwa sauti mbalimbali, mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akaomba kitanda chake kisogezwe asikie vizuri.

Ukurasa uliotumaliza kuliko yote ulikuwa wa mwisho mwisho. Nyuma ya nguzo amesimama bwana mmoja mwenye koti refu na jicho moja la kioo. Picha moja tu, hasemi kitu, hafanyi kitu. Ndugu yetu akamchorea kiputo cha maneno na kumsemesha. Siku alipotusomea hicho, dada alishika chuma cha kitanda asianguke, na nesi akaja kututuliza, akakisoma, naye akatoka nje kucheka.

Alipofariki, dada hakutaka nguo zake wala simu yake. Alichukua kitabu kile. Alikitia ndani ya foronya nyeupe, akakiweka kwenye droo ya mashuka. Akizidiwa na mambo alikuwa anapanda juu, anakaa kitandani, tunamsikia anacheka peke yake, kisha ananyamaza. Anashuka macho mekundu, anaendelea na kazi.

Sasa sikilizeni. Mwaka huu ikavuma kwamba yule bwana wa jicho la kioo atakuwa mkuu wa waovu kwenye filamu kubwa. Wakusanyaji wakaingiwa na wazimu. Wakamtafuta alikotokea mara ya kwanza kabisa, wakakuta ni nyuma ya nguzo, kwenye kitabu kile. Mhasibu aliingia dukani mbio, hata mashati yake hakuulizia.

"Chapa ya kwanza, tisa nukta nane, imeuzwa jana," akasema. "Unajua kwa kiasi gani? Mashine mpya ya kufulia, na ya kukaushia juu yake."

Akatuonyesha picha kwenye simu. Nilimwona shemeji akiutazama uso wa lile jalada. Kisha nikamwona akiitazama ngazi ya kupanda juu.

Jioni hiyo alimwambia dada, mbele yangu, kwa sauti ile laini anayotumia kwa wateja waliokuja na doa sugu.

"Mke wangu, kile kitabu cha marehemu kina thamani sasa."

"Najua kina thamani," dada akajibu.

"Nina maana ya fedha. Tukikisafisha, tukakipeleka, tukakiuza, mashine ile tunaitupa. Na wewe nakununulia cha chapa ya kurudia. Bei yake si kitu. Hadithi ni ile ile."

Yeye huyo aliyesema hadithi si mambo yao! Nilitaka kumtupia mkasi. Dada aliendelea kukunja mataulo.

"Sikiuzi," akasema. "Na usikiguse."

"Nimeuliza tu."

"Nimejibu."

Akajitia hamnazo, nasi tukamwamini kwa sababu tulikuwa na akili zetu na tukadhani naye anazo.

Mwezi ule mama mdogo aliugua, tukaenda mimi na dada kumwangalia. Tuliporudi duka lilikuwa shwari, nguo zimenyooka, shemeji anapiga mluzi. Wiki kadhaa zikapita. Filamu ikaendelea kuvuma, bei nayo ikapanda, na mhasibu akawa anapita kila siku kumsalimia fundi kama anamwulizia mzazi mgonjwa.

Kisha tarishi akaleta kifurushi. Ilikuwa asubuhi, dada yuko kaunta anahesabu henga za nguo, mimi nashona mfuko wa koti. Shemeji alitia sahihi, na badala ya kujificha nyuma kama mwizi mwenye adabu, akakipasua pale pale. Alitoa kasha, akalisoma juu, akapiga meza ya kaunta kwa kiganja.

"Tisa!" akapiga kelele. "Tisa kamili! Kitabu cha kitandani, kimesomwa na hospitali nzima, nimekitoa tisa!"

Dada alitazama jalada. Alizitua henga taratibu.

"Hicho ni changu?"

"Nilitaka nikushangaze," akasema, na wallahi alikuwa anatabasamu. "Tisa si tisa nukta nane, sawa, lakini kwa msimu huu..."

Dada alipanda juu. Tulimsikia akivuta droo. Alishuka na foronya, akatoa ndani yake kitabu kile kile, kipya, kisafi, jalada linang'aa. Mumewe alikuwa amemnunulia chapa ya kurudia na kumwekea, akidhani atakaa kulia juu ya hicho bila kugundua. Wiki zote zile za kazi dada hakuwa ameifungua foronya.

Mimi ndiye niliyelichukua kasha. Nilitaka tu kulitoa mikononi mwake. Chini ya ile alama palikuwa na maandishi mengine, madogo, na nikayasoma kwa sauti.

"Shemeji, hapa wameandika chapa ya pili."

"Wapi?"

"Hapa."

"Hapana."

"Hapa, shemeji. Nawe umezoea kusoma ya juu tu."

Akalinyakua. Akasoma. Akasoma tena midomo ikicheza. Kisha akampigia mhasibu, na mhasibu akaja saa ya chakula cha mchana, akaligeuza kasha mara moja, akalirudisha kwa ncha za vidole, sasa kwa sababu nyingine.

"Ni ya pili," akasema. "Majalada yanafanana. Lakini ndani imeandikwa wazi, chini ya ukurasa wa kwanza. Fundi, hukuangalia?"

"Nilisafisha ukurasa ule," shemeji akasema. "Palikuwa na penseli hapo hapo chini. Nilifuta."

Yaani raba ilipita juu ya mstari ule ule, na macho yake yakiwa nyuma ya raba, wala hakuuona. Alikwenda kutafuta mikunjo na madoa, akaona mikunjo na madoa. Kitabu alichokiiba na kile cha kurudia alichokinunua kukificha kilichoibwa vilikuwa kitu kimoja, vya bei moja, na ada ya kulifunga kasha ilikuwa imevizidi vyote viwili. Mhasibu alikumbuka ana kikao. Hakuaga vizuri, na mashati yake tangu siku hiyo yananyooshwa kwingine.

Nilikuwa na mengi ya kusema, yamejipanga mdomoni. Dada aliniwahi. Hakuuliza habari ya chapa wala ya bei.

"Maandishi yako wapi?" akamwambia mumewe.

"Penseli inashusha alama," akajibu, kama vile anamweleza mteja kwa nini wanga unagharimu zaidi. "Wanaiita uharibifu."

"Ulifuta yote?"

"Yote. Nilitumia raba laini, halafu makombo ya mkate. Karatasi haikuchubuka hata kidogo."

Dada alifungua mtoto wa meza, akatoa bisibisi tunayofungulia pasi. Akalisimamisha kasha kaunta, akachomeka bisibisi pembeni.

"Mama weee, usivunje!" shemeji akaruka. "Ukivunja alama inapotea!"

Mtu wa namna gani huyu? Dada alisukuma. Plastiki ikalia, ikapasuka, vipande vikaruka hadi kwenye cherehani yangu. Akakitoa kitabu, akaja nacho dirishani kwangu, akakiinamisha kwenye mwanga. Nikaelewa anachotafuta. Penseli ikifutwa hubaki mfereji. Ndugu yetu alikuwa akiandika kwa nguvu, na ukiinamisha karatasi unaweza kusoma kivuli cha neno. Tuliinama wote wawili, ukurasa baada ya ukurasa, tukitafuta.

Hapakuwa na mfereji. Nimesema mwanzo, kwa kunyoosha hana mwenziwe. Joto kidogo, unyevu kidogo, uzito, subira. Alikuwa ameunyoosha hata mwandiko wa marehemu. Nilimchukia pale, siwezi kusema vinginevyo, na nikamchukia zaidi kwa sababu kazi ilikuwa nzuri.

Dada alivuta kiti, akakiweka mbele ya meza ya pasi. Akachukua penseli yangu ninayoandikia vipimo.

"Kaa," akamwambia.

"Mke wangu..."

"Kaa. Wewe ndiye uliyefuta. Andika."

Akakaa. Dada alisimama nyuma yake, akafungua ukurasa wa kwanza, akaweka kidole. "Hapa: nimeacha jiko linawaka." Shemeji akaandika, herufi zake kubwa za lebo za nguo. "Hapa: daktari, ni hili jino la nyuma." Akaandika. Dada hakusita hata mahali pamoja. Alikuwa anayajua yote kwa moyo, pamoja na sauti zake. Alipofika kwa dubwana, sauti yake ikawa nene kidogo bila yeye kutaka. Wateja wawili waliingia, wakatuona, wakatoka bila kuulizia nguo zao.

"Hapa," dada akasema. "Shemeji aliipiga pasi nikiwa ndani."

Shemeji aliandika mpaka "ndani," kisha akamtazama yule shujaa aliyebanwa, akacheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakishika, kicheko cha kweli, mabega yakatikisika. Halafu akageuka kumtazama dada.

"Huyu shemeji ni mimi?" akauliza.

"Wewe."

"Sikujua."

"Si ulifuta?"

"Sikusoma," akasema. "Nilikuwa naangalia karatasi."

Dada akafungua mbele. Kurasa zikajaa. Kisha wakafika kwa bwana wa jicho la kioo, nyuma ya nguzo yake, amefunga mdomo kama alivyochapwa. Ile picha ya bei ya mashine.

"Hapa," dada akasema.

Shemeji akaitega penseli.

"Hapa alisema..." Kidole chake kilikuwa juu ya picha. Akajaribu tena. "Hapa alisema..." Akanigeukia mimi. "Mdogo wangu, hapa aliandika nini?"

Nilinyanyuka kwenye cherehani. Nilikumbuka chuma cha kitanda alichokishika. Nilikumbuka nesi akitoka nje, kiganja mdomoni, na ndugu yetu akijifuta machozi kwa ncha ya shuka, anafurahia alivyotumaliza. Nilikumbuka hata harufu ya dawa ya sakafu. Maneno yenyewe sikuwa nayo. Mara zote ule ukurasa ulipofunguliwa, sisi tulikuwa tumeshaanza kucheka kabla hajamaliza kusoma.

"Sikumbuki, dada."

Tulitazamana, yeye anangoja neno lije kwangu, mimi nangoja lije kwake. Nyuma ile mashine ilinguruma, ikazima, ikanguruma tena. Dada akamgeukia mumewe, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi sauti yake ilikuwa ya kuomba.

"Wewe ndiye wa mwisho kuliona. Hata hilo moja? Hata kwa bahati tu?"

Shemeji aliiweka penseli chini.

"Hilo ndilo nililoanza nalo," akasema. "Nililifuta la kwanza."